Binti yangu analia kila akishika sindano: nimfundisheje kushona kwa mkono?

"Shikamoo mwalimu. Naishi Uyole, Mbeya. Binti yangu ana miaka saba na kaka yake ana kumi. Likizo hii ya Juni nilitaka wajifunze kushona kwa mkono, angalau waweze kurudishia kifungo cha sare. Nilimkatia binti kipande cha kitenge kipya, nikamtungia uzi mrefu kwenye sindano nyembamba ili asihangaike kutunga kila mara, nikamwonyesha. Haikupita robo saa, uzi umejifunga mafundo, kitambaa kimejikunja kama ngozi iliyopigwa jua, kidole kinatoka damu na mtoto analia. Siku tatu mfululizo ni hivyo hivyo. Halafu anashonea mkono wa kushoto, na bibi yao kila akimwona anamhamishia sindano kulia. Kaka yake alikaa kuangalia, baba yao mdogo akamwambia hiyo ni kazi ya kike, akaondoka zake. Mjini nimeona vicherehani vidogo vya betri vya kushika mkononi. Nimnunulie hicho? Au binti yangu hana subira tu, nisubiri akue?"

Marahaba, mwanangu, na poleni na baridi ya huko. Nianze na neno lako la mwisho, maana ndilo lililoniuma: binti yako hakosi subira. Mtoto wa miaka saba aliyelia juzi juu ya kitambaa, akakirudia jana, akakirudia na leo, ana subira ambayo wanafunzi wangu wengi wakubwa hawakuwa nayo. Usisubiri akue. Mbadilishie alichoshika.

Ulimpa vitu vitatu kwa nia njema, na vyote vitatu vilikuwa vigumu kuliko kazi yenyewe: kitenge kipya, sindano nyembamba na uzi mrefu. Nimeshona na kufundisha watoto kushona, Njombe kwanza na baadaye Iringa, kwa zaidi ya miaka thelathini, na kitenge ambacho hakijafuliwa bado kinanichosha vidole. Nitakueleza kimoja kimoja na sababu yake. Ukiijua sababu, utajitungia mbinu zako mwenyewe pale zangu zitakapokwama.

Tuanze na uzi, kwa kuwa machozi yalianzia hapo. Uzi wa kushonea umetengenezwa kwa nyuzi nyembamba mbili au tatu zilizosokotwa pamoja, na msokoto huo ndio unaoupa nguvu. Kila anayeshona huizungusha sindano kidogo vidoleni bila kujua, robo duara hapa, nusu duara pale, na mizunguko hiyo inaingia kwenye uzi. Baada ya hatua ishirini hivi (hatua ni pale sindano inapozama na kuibuka mara moja) uzi umesokoteka kuliko ulivyotoka kiwandani. Uzi wa namna hiyo ukilegea tu, unajiviringa na kufanya kitanzi. Sindano inayofuata inapita ndani ya kitanzi, mtoto anavuta, tayari ni fundo. Chukua kamba ya kiatu, isokote kwa ncha zote mbili, kisha zisogeze ncha karibu. Utaliona jambo lenyewe kwa macho, na mwonyeshe na binti yako pia. Mtoto akishaelewa kwamba uzi una tabia yake, haoni tena kwamba kosa ni lake.

Dawa yake ni rahisi. Kila baada ya hatua tano au sita, aachie sindano ining'inie hewani kutoka kwenye kitambaa. Itazunguka yenyewe, itatulia, na msokoto wa ziada utakuwa umetoka. Darasani kwangu hii ndiyo ilikuwa sehemu waliyoipenda kuliko zote. Walikuwa wanasema sindano inacheza ngoma.

Urefu nao. Uzi mrefu ulitaka kumpunguzia kazi, lakini mkono wake hautoshi kuuvuta mara moja. Anavuta nusu, anashika tena, anavuta nusu nyingine, na wakati huo uzi umelala mapajani ukitafuta pa kujifungia. Tena sehemu ya uzi iliyo karibu na sindano inasuguliwa na kitambaa kwa kila hatua, kwa hiyo uzi mrefu hunyonyoka kabla haujaisha. Pima kutoka ncha ya vidole vyake hadi begani pake, yeye mwenyewe, si wewe. Hapo mvuto mmoja wa mkono unamaliza uzi wote. Atatunga uzi mara nyingi zaidi, ni kweli, na hilo ni zuri kwa sababu kutunga nako ni somo. Mfundishe akate ncha ya uzi kwa mshazari, aibane katikati ya kidole gumba na cha shahada hadi ibaki kidogo sana, kisha atelemshe tundu la sindano juu ya uzi. Watu wengi hufanya kinyume, wanaukimbiza uzi kulifuata tundu, na uzi unapinda.

Kama una jirani anayefuga nyuki, omba kipande cha nta. Pitisha uzi juu yake mara mbili kabla ya kuanza. Nyuzi zinashikana na haziachani ovyo. Mshumaa wa dukani unafaa kidogo, ila unaachia chembe nyeupe kwenye kitambaa cheusi.

Sasa kitambaa. Kitenge kipya kimekazwa sana katika kufumwa, na kingi kimetiwa kitu cha kukipa ugumu ili kipendeze dukani. Sindano haipiti bila kusukumwa kwa nguvu, na mtoto akisukuma kwa nguvu, sindano inapopenya ghafla inakutana na kidole kilichosubiri upande wa chini. Damu uliyoiona ilitoka hapo. Kwa hiyo mwanzo wake hautakuwa kitenge kabisa. Tafuta gunia la katani, lile la kahawa linalopatikana kirahisi upande wa Mbozi. Liloweke, lifue, likauke juani, kisha kata kipande cha ukubwa wa daftari. Matundu ya gunia yanaonekana kwa macho, kwa hiyo mtoto haamui sindano ipite wapi, anahesabu tu: ruka mawili, zama, ruka mawili, ibuka. Mpe sindano butu ya kuunganishia masweta, yenye tundu kubwa, na uzi wa sufu wa rangi inayoonekana vizuri. Usimpe shazia ya kushonea magunia, hata kama ndiyo iliyopo nyumbani. Ni ndefu kuliko vidole vyake na ncha yake haina huruma.

Gunia la sandarusi halifai. Utepe wake unateleza na kuchanika. Ukikosa la katani, tafuta shuka kuukuu la pamba au kitambaa cha kufumwa kwa nyuzi nene, bora kiwe kimefuliwa mara nyingi.

Kuna jambo jingine, ambalo watu wazima tumelisahau kabisa kwa sababu vidole vyetu vililizoea zamani. Sindano ikizama, mtoto haioni. Nusu ya kazi ya kushona inafanyika gizani, upande wa chini wa kitambaa, na inaongozwa na vidole tu. Mtoto wa miaka saba bado anategemea sana macho. Ndiyo maana utamwona anageuza kitambaa kila mara kutafuta sindano, na akishakigeuza anasahau upande aliokuwa. Au anapitisha uzi nje ya ukingo badala ya kurudi palepale, na mshono unazunguka pembeni kama kamba ya mzigo. Akifanya hivyo usimfumulie kwa haraka. Huo ni mshono halali kabisa, ni ule wa kuzungushia ukingo ili kitambaa kisichuruzike nyuzi, na atakuja kuuhitaji. Mwambie, "Huu umeutangulia, tutaufikia." Kisha mrudishe kwenye mstari.

Ili kumsaidia na lile giza, kikaze kitambaa. Wanaodarizi mashuka wana fremu zao, lakini kwako kopo la plastiki linatosha: kata kitako chake, lainisha kingo, tandaza gunia juu ya mdomo wa kopo na ulifunge kwa mpira wa madaftari. Mkono mmoja unakaa juu, mwingine unaingia ndani ya kopo kwa chini. Sindano inashuka wima, mkono wa chini unaipokea na kuirudisha wima. Inaonekana polepole, na ni polepole kweli, lakini baada ya siku chache mkono wa chini unakuwa umeanza kuona. Hapo ondoa kopo.

Na kule kujikunja kwa kitambaa? Uzi uliokazwa unakuwa mfupi kuliko kitambaa ulichopitia, na kitambaa hakina njia nyingine ila kujikusanya. Hilo ni jambo la mkono kujua kiasi, na kiasi hakifundishiki kwa maneno mengi. Mimi huwaambia hivi: vuta mpaka uzi uguse kitambaa, ukishagusa acha. Baada ya hatua tatu, weka kidole gumba mwanzo wa mshono na upanguze kuelekea ulikofika. Kama kitambaa kimekusanyika, kitanyooka na kuvuta uzi kinaouhitaji. Kisha onyesha upande wa pili wa jambo hilihili: mshonee bandi ndefu (mshono wa zama, ibuka, kwa mstari) kwenye kitambaa chepesi, mpe ncha avute kwa makusudi mpaka kitambaa kijikusanye chote. Hivyo ndivyo marinda ya sketi yanavyopatikana. Kilichomliza siku tatu ni ufundi, ila ulikuja mahali pasipo pake.

Umeniuliza namna ya kumfundisha, kwa hiyo nigusie na mdomo wako. Punguza maneno. Pale Iringa mjini kuna karakana ya Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ambako watu wenye ulemavu, wakiwemo viziwi, wanashona, wanafuma na kutengeneza vitu vizuri sana. Kiziwi anajifunza sindano kwa macho na kwa mikono, wala haukosi ufundi kwa sababu hakusikia maelezo. Mtoto anayeshona huku mama anamwelekeza kila hatua anakuwa na kazi mbili, na inayomshinda ni ile ya kusikiliza. Shona hatua tatu pole pole mbele yake ukiwa kimya. Mwachie afanye tatu. Ukimaliza, chukua kitambaa chako na uendelee na kazi yako mwenyewe pembeni yake.

Hapo ndipo tunafika kwenye mkono wa kushoto, na hapa naomba nizungumze kwa heshima na bibi yao kupitia kwako. Bibi, najua ulichofundishwa, nilifundishwa hichohicho. Mkono wa kulia ndio wa kula, wa kupokea na wa kusalimia wakubwa, na mtoto aendelee kufundishwa hayo. Sindano haimo humo. Mkono anaoutumia mtoto kwa kazi ndogondogo umeamuliwa na namna ubongo wake unavyoendesha mikono, na ukimhamishia sindano kulia unamfanya ajifunze kushona na kuhama mkono kwa wakati mmoja. Miaka yangu ya kwanza ya kazi niliwahamisha watoto wawili kwa nguvu. Mishono yao ilibaki mibaya mpaka wanamaliza shule, na mmoja aliacha kushona kabisa. Sikuwafanyia wema.

Shida ya kweli ya mtoto wa kushoto ni kwamba anaangalia mkono unaoenda kinyume na wake. Anayetumia kulia hushona akitoka kulia kwenda kushoto. Wa kushoto hutoka kushoto kwenda kulia. Kama wewe unatumia kulia, usimkalishe ubavuni pako. Mkalishe mbele yako, mtazamane magoti kwa magoti, na umwambie afanye kama anavyojiona kwenye kioo. Mkono wako wa kulia utakuwa upande mmoja na wake wa kushoto, na kila kitu kitakaa sawa bila maelezo. Kaka yake anayetumia kulia ndiye wa kukaa ubavuni. Taa au dirisha viwe upande wa mkono usioshona, ili kivuli cha mkono kisiangukie kazi: kwa binti, mwanga utoke kulia.

Mkasi utamsumbua zaidi kuliko sindano. Mikasi mingi ya madukani imetengenezwa kwa mkono wa kulia: vidole vya kulia vikiubana, vinasukuma makali mawili yakaribiane. Mkono wa kushoto ukiubana mkasi uleule unayatenganisha, na kitambaa kinakunjwa katikati badala ya kukatwa. Kama hutapata mkasi wa kushoto, mkatie wewe vitambaa kwa mwaka huu. Hakuna atakachopoteza.

Mishono yenyewe si mingi. Bandi ndiyo ya kwanza: zama, ibuka, zama, ibuka, kwa mstari. Ni mshono wa kushikiza vipande viwili kwa muda na wa kuvutia marinda. Haufai mahali panapovutwa, kwa sababu uzi ukikatika sehemu moja unafumuka wote. Wiki nzima ya bandi kwenye gunia haitamchosha mkibadilisha rangi ya sufu. Mshono wa kuzungushia ukingo unafuata, ule aliouvumbua kwa bahati mbaya.

Wa tatu ndio ninaoupenda na ndio utakaomfaa maisha yote, mshono wa kurudi nyuma. Sindano inaibuka hatua moja mbele, inarudi nyuma kuzama palepale hatua iliyotangulia ilipoishia, inapita chini umbali wa hatua mbili, inaibuka tena mbele. Juu unaona mstari usiokatika kama wa cherehani. Chini uzi umelaliana, kila hatua imeshikiliwa na jirani yake, ndiyo maana mshono huu unastahimili goti la mtoto anayepanda miti. Mtoto husahau kurudi. Mchoree nukta kwa chaki kila baada ya matundu mawili ya gunia, na umwambie: kila nukta inakanyagwa mara mbili. Akiweza huu kwenye gunia, mhamishie kwenye shuka kuukuu na sindano yenye ncha. Kwenye pakiti ya sindano za mkono, namba inavyopanda sindano inakuwa nyembamba zaidi, kinyume na sindano za cherehani, kwa hiyo mchagulie namba ndogo. Pindo la nguo liache hadi mwakani.

Kitenge kitarudi wakati huo, kikiwa kimefuliwa mara mbili tatu. Wala usikiogope tena.

Kaka wa miaka kumi anaweza kuanza na kifungo wiki hii hii, kwa sababu vidole vyake vimekomaa na ana shati linalohitaji. Lakini kwanza baba mdogo. Usibishane naye mbele ya mtoto. Siku mkienda Mwanjelwa, mwombe awasindikize, mpite kwenye vibaraza vya mafundi, kijana ahesabu wanaume walioketi nyuma ya cherehani. Fundi viatu naye anashona kwa mkono mchana kutwa. Daktari anayefunga kidonda anashona. Na ule mpira wa ngozi wa vipande thelathini na viwili ambao kila kijana anautamani umekuwa ukishonwa kwa mkono, kipande kwa kipande, kwa mishono ya ndani isiyoonekana. Kama mpira wa timu yao ya mtaani umefumuka, au mpira wao wa chandimu unataka ganda jipya la kitambaa, mpe kijana mshono wa kurudi nyuma na umwache. Sijawahi kuona mvulana aliyechekwa na wenzake kwa kurekebisha mpira wanaoucheza wote.

Kuhusu kifungo, wengi tunakishona kikakazana na nguo kama msumari, kisha tunashangaa kinang'oka baada ya wiki mbili. Kifungo kinahitaji shingo. Upande wa shati wenye tundu una unene wake, na unene huo lazima upate pa kukaa chini ya kifungo. Ukikosa nafasi, kila akifunga shati anavuta uzi na kunyonyoa kitambaa. Aweke njiti ya kiberiti juu ya kifungo, katikati ya matundu, ashone uzi ukipita juu ya njiti mara nne au tano. Kama kifungo kina matundu manne, amalize mawili, afunge fundo, ndipo aanze mawili mengine, ili upande mmoja ukikatika mwingine ubaki umeshika. Kisha aitoe njiti, akivute kifungo juu, apitishe sindano katikati ya kifungo na nguo, auzungushe uzi mara tatu nne kwenye zile nyuzi zilizolegea. Hiyo ndiyo shingo. Azamishe sindano upande wa nyuma na kufunga kwa hatua mbili ndogo mahali pamoja. Uzi wa kifungo uwe mara mbili, na hapa ndipo pekee ningependekeza hivyo kwa mtoto. Kwingine uzi mara mbili hujifunga kirahisi. Kama binti anachomoa uzi kwenye sindano kila akivuta, fungia uzi fundo moja dogo palepale kwenye tundu. Kwenye gunia halitazuia kitu.

Kile kicherehani cha betri usinunue. Vingi vya namna ile hushona kwa uzi mmoja kwa kufanya mnyororo wa vitanzi, kila kitanzi kikishikwa na kinachofuata. Ukivuta ncha ya mwisho, mshono wote unafumuka kama mnyororo wa sweta. Mtoto atashona mfuko kwa furaha na utafunguka siku hiyohiyo. Pia sindano inakwenda kasi karibu na vidole vinavyoshika kitambaa. Cherehani ya kweli, hasa ya kuzungusha kwa mkono, ni jambo jema kwa kaka yake baada ya mwaka mmoja au miwili, mtu mzima akiwa pembeni. Pesa ya kicherehani inunue sufu, mkasi mzuri na pakiti mbili za sindano.

Sasa baridi, kwa kuwa mmechagua Juni. Vidole vikipoa, damu hupungua kwenye ncha zake na hisia hufifia, na mtoto anayetegemea hisia ile chini ya kitambaa anakuwa ameipoteza. Msishone asubuhi na ukungu. Subirini jua, kaeni kibarazani saa nne au saa tano, aoshe mikono kwa maji ya uvuguvugu kwanza. Nakuomba sana, msijifungie chumbani na jiko la mkaa ili mpate joto la kushonea. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuonya, na inaua watu waliolala na walioketi. Dakika ishirini kwa siku zinatosha kwa binti. Mwachishe akiwa bado anataka.

Sindano zihesabiwe kabla na baada, na kila mtoto awe na yake. Damu ya mmoja isiende kwa mwingine. Washone kimto cha kutunzia, wakijaze unga wa mbao mkavu, ambao kwa walio karibu na mashine za mbao za Mafinga hauna bei. Sindano isikae mdomoni, wala kwenye godoro, wala kifuani pa gauni. Wazee wetu walikataa kuuza au kuazima sindano usiku, na sababu nyingi zilitajwa. Mimi naona busara moja ndani yake: sindano ikianguka gizani haionekani mpaka ikanyagwe. Sumaku kutoka kwenye spika mbovu ya redio ukiipitisha sakafuni itaiokota.

Kuchomwa kidogo kunaoshwa kwa maji na sabuni, kunabanwa kwa kitambaa safi, yanaisha. Lakini sindano ikikatikia ndani ya kidole, usichokonoe. Nenda kituo cha afya na kipande kilichobaki. Kama ilikuwa na kutu au ilitoka kwenye uchafu, nenda pia waangalie kama chanjo yake ya pepopunda imekamilika. Ikimezwa, usimtapishe wala kumlisha ndizi au ugali eti uisukume. Peleka hospitali mara moja. Ikigusa jicho, usisugue wala kuosha kwa nguvu. Funika bila kukandamiza na uondoke. Na watoto wakiokota sindano ya hospitali jalalani wakajichoma nayo, hilo ni jambo jingine kabisa: nenda siku hiyohiyo, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanza mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72.

Kuna hali ambayo mimi sitaweza kukusaidia kwa maandishi. Mwangalie binti yako kwenye gunia lenye matundu makubwa. Kama bado analisogeza karibu na pua, anafumba jicho moja, au anaumwa kichwa kila akimaliza, mpeleke akapimwe macho hospitali ya wilaya au kule Rufaa mjini Mbeya. Nimewahi kugundua mtoto asiyeona ubaoni kwa sababu tu hakuweza kuliona tundu la sindano. Kama ana shida pia kufunga vifungo vyake, kushika kijiko na kushika penseli, au mkono mmoja hautumii kabisa, hilo nalo lionwe na daktari, bila kumtisha mtoto.

Kama ni kushona tu kunakosuasua, wiki ya pili mpeleke kwa fundi wa mtaani kwenu unayemwamini, mama au baba, umwombe akae kibarazani pake saa moja akiangalia na kuokota vipande. Mafundi wengi wana mabaki ya vitambaa na hawakatai mtoto mtulivu. Ukitaka, chukua na lile gunia lake, fundi aone hatua zake zilipofika, na amwekee nukta za chaki za mstari unaofuata.